Tumbo la Jua

Kilonzo Nzuki alikuwa na kipaji kimoja ambacho hakuna mtu aliyekionea wivu: kitu akikielewa nusu, hukieleza mara mbili. Mwenyewe alilijua hilo vizuri, lakini mgonjwa kuujua ugonjwa wake si kupona.

Mwaka huo wa 1969 alikuwa fundi wa mitambo katika ofisi moja ya simu za ng'ambo, katikati ya Nairobi. Siku hizo sauti ya mtu aliyetaka kuzungumza na Uingereza ilirushwa hewani kwa mawimbi mafupi ya redio. Ilipanda juu kabisa, ikagonga tabaka fulani la anga, ikarudi chini, ikadunda tena, hivyo hivyo mpaka London, kama mpira wa watoto kwenye uwanja mkavu. Na tabaka lile hutengenezwa na jua. Jua likitulia, simu inasikika. Jua likipandwa na wazimu, London nzima inageuka kuwa mlio wa mafuta yanayokaanga mandazi.

Ndiyo maana Kilonzo alianza kulisoma jua. Mwanzoni alilisoma kwa ajili ya kazi, baadaye kwa ajili ya sifa. Katika maktaba ya mjini alikuta gazeti la sayansi lenye makala ndefu kuhusu madoa meusi ya jua: yanatoka wapi, na kwa nini huzidi na kupungua kila baada ya miaka kumi na moja hivi. Alilisoma mara ya kwanza asielewe kitu, mara ya pili akaelewa picha, na mara ya tatu akatoka maktabani akitembea kama mtu aliyelizaa jua mwenyewe.

Tangu siku hiyo kila simu iliyokatika ilikuwa na mshtakiwa wake. Waya ukilegea, ni jua. Umeme ukififia, ni jua. Asubuhi moja alifika kazini amechelewa, na msimamizi wake, Bwana Wainaina, alipomwuliza sababu, Kilonzo alifungua kinywa, akaona neno linalotaka kutoka, akakifunga.

"Usiseme," Bwana Wainaina akamwambia. "Leo lilichelewa kuchomoza."

Opereta mmoja, Lornah Nanjala, alicheka mpaka akavua vifaa vyake vya masikioni. Kilonzo naye alicheka, kwa kuchelewa kidogo, kama mtu anayelipa nauli akiwa ameshashuka.

Nyumbani kwake kulikuwa Kangemi, chumba kimoja cha kupanga, ukuta kwa ukuta na seremala mmoja aliyeitwa Mzee Were. Mzee Were alikuwa Mbukusu wa Bungoma, mkewe Awiti alikuwa Mjaluo wa Yala, na kwa kuwa hakuna aliyekubali kushindwa na lugha ya mwenzake, nyumba yao iliongea Kiswahili. Mwana wao Sifuna alikuwa Glasgow, kule Uskoti, akisomea uhandisi. Walikuwa hawajaisikia sauti yake tangu walipomsindikiza uwanja wa ndege wa Embakasi akiwa amevaa koti la kuazima.

Mwezi wa tatu Sifuna aliandika kwamba ana neno kubwa la kuwaambia, na hataki kuliweka kwenye karatasi. Anataka walisikie kwa sauti yake mwenyewe. Je, yule jirani wa simu angeweza kuwasaidia?

Awiti alikuja kubisha mlangoni kwa Kilonzo, kitambaa kichwani na mikono imefumbatwa.

"Kijana yangu, hiyo jua yako itakubali tuongee na mtoto?"

Hapo mtu mwenye busara angesema "tutajaribu." Kilonzo akasema, "Mama Sifuna, mimi jua nalijua kama mfuko wa suruali yangu. Nitawachagulia siku, nitawachagulia saa. Mtamsikia kama yuko Uthiru hapa jirani."

Baadaye, akiwa peke yake, alikumbuka kwamba mfuko wa suruali yake ulikuwa na tundu.

Siku iliyochaguliwa ilikuwa Alhamisi, mchana kweupe, wakati Kangemi na Glasgow zote mbili zinamulikwa na jua. Mzee Were alivaa suti aliyofungia ndoa. Awiti alivaa viatu. Jirani yao Zachariah, mshona nguo ambaye pia ni mzee wa kanisa, aliomba kuwasindikiza ili, kwa maneno yake, awe shahidi. Walikaa kwenye benchi la ofisi bila kuegemea, kama watu waliokuja kwa daktari.

Lornah akaita London, London ikaita Glasgow. Akawaashiria waingie kwenye kibanda cha simu. Mzee Were alishika mkono wa simu kwa mikono miwili, Awiti akabandika sikio lake upande wa pili, na Kilonzo akasimama mlangoni akitabasamu kama bwana harusi.

"Baba?" ilisema ile simu, na kweli ilisikika kama iko Uthiru.

"Sifuna! Ni wewe?"

"Ni mimi, Baba. Mama yupo?"

"Yupo hapa. Unakula?" Awiti akapiga kelele.

"Nakula, Mama. Sikilizeni, muda ni mfupi. Lile neno nililoandika. Baba, nataka ujue kwamba nime—"

Kisha kimya. Hapakuwa na mkwaruzo wala mlio wa mafuta, ila kimya kitupu kama cha kisima.

"Ume nini?" Mzee Were akauliza. "Sifuna! Ume nini?"

Kilonzo alikimbilia kwenye mitambo. Alijaribu wimbi lingine, akajaribu la tatu. London haipo. Roma haipo. Bombay haipo. Kila kituo cha mawimbi mafupi upande huu wa dunia wenye mchana kilikuwa kimemezwa. Moyo wake ulidunda, na ni aibu kusema kwamba haukudunda kwa huzuni peke yake. Mambo haya alikuwa ameyasoma. Mlipuko juu ya jua! Mwanga mkali usioonekana kwa macho unafika duniani kwa dakika chache, unalipiga anga, na mawimbi mafupi yanafyonzwa kama maji kwenye mchanga. Alitoka pale akijaribu kuurekebisha uso wake uwe wa msiba.

"Mzee," akasema, "ni jua."

Mzee Were alimtazama. "Jua imekata maneno ya mtoto yangu?"

"Si la kukusudia, Mzee."

"Na lile neno, liko wapi sasa?"

Gazeti la sayansi halikuwa limeeleza maneno yaliyokatika huenda wapi.

Simu nyingine ilipangwa kwa juma lililofuata. Katikati ya hapo Kangemi nzima ilihamia ndani ya kile kipande cha neno. Nime nini? Zachariah alisema bila shaka ni *nimeokoka*, ndiyo maana alitaka litoke kwa sauti. Mwenye duka la pembeni alisema vijana wa Ulaya hawaokoki, huyo *amefeli*. Mwanamke mmoja aliyeuza sukuma wiki alisema kwa upole kwamba labda *amefungwa*, maana binamu yake alianza hivyo hivyo. Mzee Were aliranda ubao mmoja mpaka ukawa mwembamba kama kadi ya krismasi.

Awiti peke yake alikuwa na hakika. "Ameoa," alisema. "Ameoa Mzungu. Mtoto akisema *sikilizeni* kwanza, ni mwanamke." Siku ya kwanza alilia. Siku ya pili aliuliza kama Wazungu wa Uskoti wanakula ugali. Jumamosi Kilonzo alimsikia kupitia ukutani akijifunza: "Welikam, mai dota. Sit dauni."

Jumapili baada ya ibada watu walijaa uani kwa Mzee Were, na Zachariah akasema ni haki yao waambiwe sawasawa jua lilifanya nini. Kilonzo alikataa mara moja, kwa adabu, akihofia kwamba wakimkubalia watamkubalia kweli. Kisha akaomba vitu vyake: viti vitatu vya duara vya Mzee Were, vile visivyo na miguu bado, fimbo, mipira ya nguo ya Zachariah, ile ya kutia kiunoni mwa sketi, na sufuria ya uji iliyokuwa jikoni.

Akaanza na uji.

"Tazameni unavyochemka. Wa chini una moto, unapanda. Ukifika juu unapoa, unashuka. Sehemu ya nje ya jua iko hivyo. Jua si jiwe, si mpira, ni uji wa moto mtupu. Na uji wake una umeme ndani, kwa hiyo ukitembea, unatembea na sumaku."

"Haya," Awiti akasema. "Usiimwage."

Akachomeka vile viduara vitatu kwenye fimbo, kimoja juu ya kingine. "Hiki cha juu ni kichwa cha jua. Cha chini ni miguu. Cha katikati ni tumbo." Akavuta mipira ya nguo kutoka kichwani mpaka miguuni, akaipigilia kwa vijisumari. "Hizi ni kamba za sumaku, zimenyooka kutoka kaskazini kwenda kusini. Sasa, dunia yetu ikizunguka, inazunguka yote pamoja, kama sahani. Lakini uji haushikani hivyo. Tumbo la jua linazunguka haraka kuliko kichwa na miguu. Tumbo likimaliza mzunguko, kichwa bado kiko njiani."

Akalizungusha tumbo. Ile mipira ikavutwa kiunoni. Akazungusha tena, na tena, mpaka ikajiviringisha kwenye kiduara cha katikati, imekaza, imejisokota.

"Mnaona? Kamba zilizosimama sasa zimelala. Zimelifunga jua kiunoni kama mshipi. Zikizidi kukaza zinajikunja, na hapo..." Akasukuma mara ya mwisho. Mpira mmoja uliosokotwa ulinyanyuka pembeni kwa ghafla, ukafanya kitanzi. Watu wakasema aaa, na Kilonzo akasikia utamu kwenye uti wa mgongo. "Hicho kitanzi kinatoboa ngozi ya jua. Pale kinapotokea ni doa jeusi, pale kinapoingia ni doa la pili, moja kaskazini ya sumaku, jingine kusini. Ni jeusi kwa sababu sumaku imeuzuia uji usipande, basi pale pamepoa. Na vitanzi vikigombana, vikikatika na kujiunga upya kwa ghafla, ndio mlipuko. Ndio uliokula neno la Sifuna."

"Na itaacha lini?" Mzee Were akauliza.

"Miaka ikipita, mabaki ya zile kamba yanasukumwa kwenda kichwani na miguuni, yanafuta sumaku ya zamani na kuleta ya kinyume. Kaskazini inakuwa kusini. Mshipi unafunguka, jua linatulia, halafu tumbo linaanza kufunga upya. Miaka kumi na moja hivi madoa yanarudi, na ikipita mara mbili hiyo ndipo sumaku inarudi ilivyokuwa mwanzo. Sasa hivi tuko kwenye kilele."

Watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Kama Kilonzo angeinama akachukua viduara vyake na kwenda kulala, historia yake Kangemi ingekuwa nzuri. Lakini Awiti aliinua mkono kama mwanafunzi.

"Hiyo ya katikati, wewe umeizungusha kwa mkono. Kule juu nani anaizungusha haraka?"

Sasa, makala ya maktaba ilikuwa imesema wazi kabisa, katika aya yake ya mwisho, kwamba jambo hilo bado halijaeleweka. Kilonzo aliiona aya hiyo mbele ya macho yake. Akaona pia nyuso zote zilizomwelekea.

"Ni uzito," akasema. "Tumbo siku zote ni zito."

Mwenye duka, ambaye alikuwa na kitambi cha kutosha, alisema mbona lake halimfanyi aende haraka. Uwanja ukaangua kicheko. Kilonzo akakoroga uji ambao haukuwa wake.

Siku ya simu ya pili alijiandaa kama mtu anayekwenda kudai jina lake. Kwa darubini ya mkono iliyovunjika jicho moja alikuwa ametupa picha ya jua juu ya karatasi nyeupe, kila asubuhi, nyuma ya choo cha ploti walimopanga. Lile kundi kubwa la madoa lilikuwa limesogea, likafika ukingoni, likazunguka kwenda upande wa nyuma. Sehemu iliyobaki ilikuwa karibu safi. "Leo," alimwambia Mzee Were, "hata likitaka kulipuka, halina pa kutokea."

Ofisini alifika mapema. Alichomoa kila plagi ya njia ya Sifuna, akaifuta ncha kwa leso yake safi, akairudisha. Waya wa kupeleka sauti, akaurudisha. Waya wa kuleta sauti, akaurudisha, huku akimweleza Lornah kuhusu ukingo wa jua.

"Kilonzo," Lornah akasema bila kugeuka, "unaongea na mimi au unaongea na plagi?"

"Na wote wawili," akajibu, na akajiona mcheshi.

Sebule ya kungojea pale ofisini siku hiyo ilikuwa imejaa. Mbali na Mzee Were, Awiti na shahidi wao, palikuwa na wafanyabiashara, padri mmoja, na mama wa Kizungu mwenye kofia. Lornah akaita. London ikaitika, Glasgow ikaitika. Akawaashiria, kisha akageukia simu ya Kampala iliyokuwa ikimsumbua tangu asubuhi.

Mzee Were akashika simu. "Sifuna?"

Kimya kile kile cha kisima.

"Sifuna! Ni Baba!"

Hakuna kitu. Mzee Were alimgeukia Kilonzo polepole, na jicho lake halikuwa la hasira. Lilikuwa la mtu aliyechoka kuamini. Awiti akakaa kwenye kiti cha kibanda, viatu akavivua.

Kilonzo alipaswa kwenda kwenye mitambo. Ni hatua chache tu kutoka pale. Lakini sebule nzima ilikuwa inamtazama, na mama mwenye kofia akauliza kwa Kiswahili chake cha shambani, "Kwisha haribika?" na Zachariah akamjibu kwa majivuno, "Ni jua, memsahib. Huyu bwana ataeleza."

Kilonzo akaeleza. Alisimama kwenye mlango wa kibanda, na Mzee Were, kwa heshima tu, akauinua mkono wa simu kumwelekea, kama mtu anayemshikia mhubiri kipaza sauti. Kilonzo alieleza uji. Alieleza kichwa, miguu na tumbo. Mpira hakuwa nao, akaifungua tai yake na kujiviringishia kiunoni kuonyesha kamba zinavyolala. Ili kuonyesha tumbo linavyozunguka kuliko kichwa, alijaribu kukisokota kiuno huku shingo imetulia, jambo ambalo Mungu hakumuumbia Mkamba huyu, na padri akatazama pembeni. Alieleza vitanzi. Akasema kwamba bila shaka kundi jipya la madoa limezaliwa asubuhi hii hii, limepasuka kwa hasira, na kwamba hakuna mwanadamu, awe Nairobi au London, ambaye sauti yake inaweza kupita saa hii. Akasema tumbo linazunguka haraka kwa sababu ya uzito.

"Kilonzo."

Lornah alikuwa amesimama nyuma yake, vifaa vya masikioni vikiwa shingoni, midomo ameibana kama mtu aliyemeza pilipili.

"Ngoja, dada, namalizia. Sumaku ya kaskazini ikishageuka..."

"Kilonzo. London wanatusikia vizuri kabisa. Opereta wao ananiuliza ni nani huyo anayehubiri." Akavuta pumzi. "Na Glasgow pia wanasikia. Tangu ulipoanza."

Kilonzo alihisi tai yake kiunoni.

Alikwenda kwenye mitambo, hatua zile chache. Waya wa kupeleka sauti ulikuwa mahali pake, unang'aa kwa kufutwa. Waya wa kuleta sauti ulikuwa unang'aa pia, umechomekwa vizuri, imara, kwenye tundu la jirani ambalo halikuelekea popote. Ndiyo maana Sifuna aliwasikia wote, na hakuna aliyemsikia Sifuna. Lornah, ambaye vifaa vyake vilichukua sauti kabla haijafika kwenye plagi zile, ndiye peke yake angeweza kugundua, laiti asingekuwa na Kampala.

Kilonzo aliutazama ule waya kitambo kidogo. Kilomita milioni mia moja na hamsini kwenda kwenye jua, na mwizi alikuwa ameshika leso. Akachomoa, akachomeka panapostahili.

"...mnanisikia? Baba? Mnanisikia?" Sauti ikajaa kibandani. Kijana alikuwa anacheka na kulia pamoja.

"Tunakusikia!" Mzee Were akanguruma. "Sifuna, haraka, kabla jua haijarudi! Ume nini?"

"Nimemaliza, Baba! Nimemaliza masomo, nimefaulu. Nimepewa digrii. Narudi nyumbani mwezi wa nane."

Mzee Were akampa mkewe simu, akageuza uso ukutani, akaupiga ukuta wa kibanda kwa kiganja, pole pole, kama seremala anayekagua mbao.

"Umemaliza," Awiti akasema. "Asante Yesu. Na mke?"

"Mke gani, Mama?"

"Ule Mzungu."

"Mama, hakuna mke. Nani amesema kuna mke?"

"Hakuna kabisa?"

"Hakuna kabisa."

"Aa," Awiti akasema. Ilikuwa *aa* ya mtu aliyepika kwa ajili ya mgeni, na mgeni ameahirisha. "Haya. Basi kuja tu."

Walizungumza yaliyobaki: baridi, koti, nani amekufa na nani amejifungua. Mwishoni Sifuna akasema, "Yule bwana wa jua yuko hapo bado? Nipeni yeye kidogo."

Kilonzo alishika simu kama mtu anayeshika wembe.

"Bwana," Sifuna akasema, "hayo maelezo ni mazuri, nimeelewa kuliko nilivyoelewa darasani. Lakini ile habari ya uzito wa tumbo, umeitoa wapi?"

Lornah hakuwa amerudi mezani kwake. Kilonzo alitafuta ndani ya kichwa chake kitu kingine cha kusema, akakuta pametulia, hapana hata doa.

"Niliitunga," akasema. "Sijui kwa nini tumbo linazunguka haraka. Wanaolichunguza wenyewe wanasema hawajui."

"Ndivyo hata profesa wangu alivyosema," Sifuna akajibu. "Anadhani ni huo huo uji unaopanda na kushuka ndio unaolisukuma, lakini hawezi kuthibitisha. Asante kwa somo. Nitalipia mimi kipande hicho."

Mkono wa simu ulipowekwa chini, Zachariah alipiga makofi, kisha padri, kisha sebule nzima, ingawa haikuwa wazi wanampigia nani. Mama mwenye kofia alimwambia Kilonzo kwamba tai yake imeshuka magotini.

Bwana Wainaina alitoka ofisini kwake kuona kelele za nini. Alitazama tai, akatazama mitambo, akatazama uso wa Lornah, ambao sasa ulikuwa umeshindwa kujizuia.

"Kilonzo, leo ni jua gani?"

"Leo ni mimi, bwana."

Miaka yote hiyo Wainaina hakuwahi kusikia jibu la namna hiyo, na pengine ndiyo maana adhabu ilikuwa ndogo: wiki nzima ya kufuta plagi za ofisi yote, na Lornah akipita nyuma yake kuhakikisha kila moja imerudi kwenye tundu lake. Kilonzo hakulalamika. Kwa kweli alizifuta taratibu sana.

Mwezi wa nane Sifuna alirudi, na Awiti alimkagua nyuma na mbele uwanjani Embakasi kana kwamba mke angeweza kuwa amefichwa kwenye begi. Mwaka uliofuata kituo cha setilaiti kilifunguliwa kule Longonot, simu za ng'ambo zikaanza kupita angani kwa njia ambayo milipuko ya jua haikuisumbua sana. Maarifa ya Kilonzo, yaliyomgharimu heshima yote hiyo, yakapoteza kazi yake rasmi mara tu alipoanza kuyapata sawasawa. Alimwambia Lornah hivyo siku moja ya Jumamosi walipokuwa wamekaa Kenyatta Market, wakisubiri mbavu za mbuzi zikatwe juu ya ubao.

"Kwa hiyo siku hizi huliangalii tena?" Lornah akauliza.

"Naliangalia. Madoa yameanza kupungua. Wanasema sumaku ya kichwani na miguuni inageuka miaka hii hii."

"Inageuka kweli? Kaskazini yake inakuwa kusini?"

"Kweli."

"Jua zima linapinduka, kichwa chini miguu juu, sisi tukiwa hapa tunangoja nyama?"

"Si lenyewe linalopinduka, ni sumaku yake. Huku chini hata kuku hajui."

Lornah alifikiri. Alinyoosha mkono, akachukua kipande cha kwanza kilichotoka motoni, akakipuliza.

"Na inapogeuka, inaanzia juu au chini?"

Kilonzo alivuta pumzi, akajaza kifua, akaona jinsi alivyokaa yule binti akimsikiliza kwa dhati, akaiachia pumzi ile itoke.

"Sijui," akasema. "Lakini nitasoma."

"Soma," Lornah akasema, akamsogezea chumvi na kachumbari. "Kwanza kula, zinapoa."